Na Wale Waliotoa Mia Mbili, Majina Yao Yako Wapi?

Msimu wa gradu ukifika, chuo chochote hapa Kenya utaiona ile picha. Wazee watano kwenye suti, katikati wameshika cheki ya kadibodi kubwa kuliko mlango. Kuna utepe mwekundu na makasi kwenye sahani iliyotandikwa kitambaa. Kisha pazia dogo linavutwa, kibao cha marumaru kinatokea: jengo hili limefunguliwa rasmi na fulani, kwa ufadhili wa fulani. Makofi. Wageni wanaelekea kwenye hema kula samosa, na makomredi wanabaki juani wakijaribu kama intaneti ya jengo jipya inashika.

Niseme mapema ndio tusikosane: sina shida na tajiri akitoa pesa. Atoe. Akiwa na zaidi, aongeze. Maktaba haijengwi na maombi, na vyuo vyetu vya umma vimelemewa na madeni hadi kuna walimu wanaosubiri mishahara kama sisi tunavyosubiri HELB. Mimi kinachonikera ni vile vyuo vinavyochagua nani akumbukwe na nani asahaulike. Ukisoma kuta za vyuo vikuu utadhani elimu ya nchi hii ilijengwa na watu kama kumi hivi na marafiki zao. Manze, si kweli. Ilijengwa na watu wengi sana, na wengi wao walitoa pesa kidogo ambazo ziliwauma kutoa.

Hii mambo ya kubadilishana jina na pesa ilianza kitambo. Mwaka 1638 mhubiri kijana anaitwa John Harvard alikufa kwa kifua kikuu kule Massachusetts akiwa na miaka 30. Aliacha nusu ya mali yake na vitabu kama 400 kwa chuo kidogo kilichokuwa kimeanzishwa miaka 2 kabla. Mwaka uliofuata chuo kikapewa jina lake. Huyo angalau alikuwa amekufa, hakuwa anatafuta sifa. Elihu Yale ndiye kiboko. Alikuwa gavana wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki kule Madras, akaondolewa ugavana kwa madai ya kujitajirisha, akarudi Uingereza na utajiri wake. Mwaka 1718 shule moja ndogo ya Connecticut ikamwomba msaada. Akatuma marobota 9 ya bidhaa, vitabu 417 na picha ya mfalme. Bidhaa zikauzwa kama pauni 562 hivi. Basi. Kwa hiyo robota tisa za vitambaa, zaidi ya miaka 300 baadaye, unaweza kwenda Gikomba leo asubuhi ukanunua hudi ya mtumba imeandikwa YALE kifuani, na aliyekuuzia hajui Yale ni mtu. Kama kuna biashara nzuri kuliko hiyo, nionyesheni niingie.

Siku hizi Wamarekani wameifanya iwe na orodha ya bei kabisa. Pesa hizi unapata jina kwenye kiti cha ukumbi. Ukiongeza, darasa. Ukiongeza, ghorofa. Jengo lina bei yake, shule nzima ya sheria au ya udaktari ina bei yake. Kuna kiti cha profesa ambacho yeyote atakayekikalia atajitambulisha kwa jina la mfadhili mpaka astaafu. Kuna vyama vya watoaji vyenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu, na chakula cha jioni ambacho kila mtu anakaa meza ya ngazi yake. Halafu kuna joho na shahada ya heshima. Wanaita hayo yote heshima. Mimi naona ni risiti, tena risiti iliyoandikwa vizuri sana.

Hapa kwetu jina la mfadhili utakalokutana nalo sana ni Chandaria. Ukienda USIU, shule ya biashara ni Chandaria. Ukienda KU, kile kituo cha kulea biashara za wanafunzi ni Chandaria. Mzee Manu Chandaria ni mtu wa viwanda, familia yake imetoa kwa miaka mingi, na kwa ukweli sina neno baya naye. Kama jina lazima liwekwe, heri la mtu aliyetoa pesa yake mwenyewe. Kwa sababu kuna yale majina mengine makubwa langoni, ya marais, ambayo ukiuliza walitoa pesa ya nani utaambiwa ni ya serikali, yaani yako na yangu na ya kila mlipa kodi. Na kule Eldoret, maktaba ya Chuo Kikuu cha Moi inaitwa Margaret Thatcher. Ndiyo, huyo huyo, waziri mkuu wa Uingereza. Hiyo ni stori ya siku nyingine.

Sasa twende UoN, kampasi kuu. Kuna sanamu ya Gandhi pale. Komredi anaipita kila siku akienda darasani, anaketi karibu nayo akichapa stori, na ukimuuliza Gandhi anafanya nini Nairobi atakwambia labda ni urafiki na India. Kumbe ile sanamu ndiyo kibao cha wafadhili.

Gandhi aliuawa mwaka 1948. Wahindi wa Afrika Mashariki wakaamua kumkumbuka kwa kujenga chuo, wakaunda chama, wakaanza kuchanga. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa inajenga Chuo cha Kifalme cha Ufundi, Royal Technical College, hapo Nairobi. Mwaka 1954 wakakubaliana kuunganisha mipango: pesa za kumbukumbu ya Gandhi zikaingia kwenye chuo hicho, na kikapokea wanafunzi wa rangi zote. Wakati huo Nairobi ilikuwa na mitaa ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, na sisi wa mwisho tulikuwa tunatembea na kipande. Wanafunzi wa kwanza wakaingia 1956, na mwaka huohuo makamu wa rais wa India, Radhakrishnan, akaja kuzindua sanamu. Mwaka 1970 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kinachonifurahisha hapo ni hiki: watu walichanga, na jina walilotaka libaki halikuwa la mchangaji yeyote. Walichukua jina la mtu ambaye wote walimheshimu wakaliweka pale. Kinachoniudhi ni kwamba chuo kilipokea heshima hiyo kikaacha stori ipotee. Kama mwanafunzi anaweza kumaliza miaka 4 akipita hapo na hajui sanamu hiyo ina uhusiano gani na jengo analosomea, basi hiyo heshima ni ya njiwa tu.

Halafu kuna harambee. Nyinyi mnaijua harambee kama ile ya mheshimiwa na gunia la noti, ile iliyotukasirisha hadi mwaka 2024, baada ya sisi kuwa barabarani, rais akatangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali wasishiriki. Lakini miaka ya 70 mwanzoni harambee ilijenga vyuo vizima. Kule Nyeri, wakulima wa kahawa na majirani zao walichanga kuanzisha Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi, mwaka 1972. Kahawa jamani. Ile unachuma asubuhi na baridi ya mlimani, unabeba hadi kiwandani kwa ushirika, unapimiwa, unasubiri malipo miezi mingi. Mtu kwenye hayo malipo akakubali kukatwa ndio mtoto wa jirani asome uhandisi. Mwaka 2007 taasisi hiyo ikawa chuo kishiriki, na Desemba 2012 ikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili: Dedan Kimathi. Kakamega nako, watu wa Magharibi walichanga wakapata WECO, ambayo leo ni Masinde Muliro.

Kimathi ni jina zuri, silipingi hata kidogo. Mtu aliyenyongwa na mkoloni anastahili chuo. Lakini wale wakulima? Nani ana orodha? Kama chuo kinaweza kuandika kwa herufi za dhahabu jina la kampuni iliyotoa kompyuta 30, mbona kisiandike hata majina ya vijiji?

Nitawaambia mbona hii kitu inanikaa kooni.

Nilipopata barua ya chuo, nyumbani hakukuwa na pesa ya kuingia. Mama akaitisha harambee ndogo huko kwetu ocha, uwanja wa kanisa, viti vya kukodisha 50. Hesabu nawapa hapa kwa sababu daftari bado liko, ni lile la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mama mboga wa hapo stendi, 200. Fundi wa baiskeli, 150. Vijana wa bodaboda walichanga wakaleta 1,300. Mwalimu wangu wa darasa la 7, elfu moja. Kuna shosho alileta kuku, kuku akapigwa mnada mara 4, kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena, mpaka akafikisha 3,600, na mwishowe tukamla jioni hiyohiyo. Mjumbe wa mheshimiwa alileta bahasha ya 10,000 akashika maikrofoni dakika 40. Jumla ilikuwa 61,450.

Mama aliandika majina yote kwa mpangilio wa waliofika. Kalamu moja, mwandiko mmoja. Mheshimiwa yuko mstari wa 23, katikati ya fundi wa baiskeli na chama cha wamama.

Kitu nilikuja kuelewa baadaye ni kwamba lile daftari halikai sandukuni kwa ajili ya ukumbusho tu. Mke wa fundi alipolazwa, mama alilifungua, akaona 150, akatuma 200 kwa M-Pesa. Shosho wa kuku alipofiwa, mama alienda kupika siku 3. Huko kijijini kumheshimu mtu aliyekutolea maana yake ni kujua zamu yake ikifika, na kufika. Hakuna mfadhili wa kudumu na msaidiwa wa kudumu. Leo ni mimi, kesho ni wewe, na daftari linajua.

Chuoni nilikaa mwaka mmoja na nusu. Salio la karo likafika 38,000, na kwenye chumba cha mtihani huingii kama hujamaliza salio. Chuo chenyewe sitakitaja, na wala sikuwa peke yangu, tulikuwa foleni hadi nje ya mlango wa fedha. Wiki hiyohiyo kulikuwa na bango la mita 6 langoni likimshukuru mfadhili wa jengo jipya. Nikauliza jengo ni la nini. La utawala. Ofisi! Mtu alitoa mamilioni, na chuo kikaona kitu kinachohitajika zaidi ni ofisi nyingine ya kuambia watu salio lao.

Tangu nitoke, chuo hicho hakijanipigia simu hata mara moja kuniuliza ilikuwaje. Mama mboga ameniuliza mara 5. "Kijana wangu, masomo unamaliza lini?" Ananiuliza bila hasira, akinipimia sukuma wiki. Na ana haki ya kuuliza, 200 yake iko pale ndani. Sijui nitamjibu nini akiniuliza mara ya 6, lakini najua kati yake na chuo ni nani amefanya kazi ya kuwa mlezi wangu.

Wengi wenu mliona ile video ya Februari 2024, kule Bronx, New York. Wanafunzi wa udaktari wa Chuo cha Albert Einstein wameitwa ukumbini, mama mmoja wa miaka 93 anapanda jukwaani, anawaambia kwamba kuanzia Agosti masomo ni bure. Watu wakapiga kelele, wakalia, wakaruka juu ya viti. Huyo ni Ruth Gottesman, aliyekuwa profesa hapohapo. Mumewe alikufa mwaka 2022 akamwachia hisa za Berkshire Hathaway, na yeye akatoa dola bilioni 1. Karo ilikuwa zaidi ya dola 59,000 kwa mwaka, ambayo kwa pesa zetu ni zaidi ya milioni 7. Waliokuwa mwaka wa mwisho wakarudishiwa karo ya muhula huo.

Na hapa ndipo nilisimamisha video nikarudia. Sharti lake lilikuwa jina la chuo lisibadilishwe. Kwa bilioni moja angeweza kukiita Gottesman, na hakuna ambaye angemkatalia. Hata hakutaka jina lake litajwe mwanzoni, ilibidi ashawishiwe. Kwake jina la Einstein lilitosha. Sasa niambieni, kuna daktari atakayetoka pale bila deni ambaye atamsahau? Huyo mama ameandikwa mahali ambapo mvua haifiki.

Najua mtasema: huyo ni bilionea, ni rahisi kukataa jina ukiwa na bilioni. Sawa. Nitawapa wa upande ule mwingine.

Oseola McCarty alikuwa mama wa kufua nguo kule Hattiesburg, Mississippi. Mwanamke Mweusi, aliyezaliwa 1908. Aliacha shule darasa la 6 ili amtunze shangazi yake aliyekuwa mgonjwa, na hakurudi tena. Akafua na kupiga pasi nguo za watu maisha yake yote, kwa mkono, akiweka akiba kidogokidogo benki. Mwaka 1995, akiwa na miaka 87, akatangaza kwamba dola 150,000 za akiba hiyo zitaenda kwa Chuo Kikuu cha Mississippi Kusini, kusomesha vijana wasio na uwezo. Chuo kilikuwa mjini kwake, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake kilikuwa hakipokei mtu wa rangi yake.

Sasa, kwa ile orodha ya bei niliyowaambia, dola 150,000 ni jina kwenye mlango wa darasa, tena labda dogo. Lakini hawakutumia hiyo mizani. Rais Clinton akampa nishani, Harvard wakampa shahada ya heshima, huyu mama wa darasa la 6, na chuo chake kikaita bweni kwa jina lake. Bweni! Mahali wanafunzi wanalala, wanafua, wanapiga pasi. Sijui kama waliliwaza hilo lakini mimi limenigusa. Kwa mara moja chuo kilipima mtu kwa kile alichobakiwa nacho baada ya kutoa.

Ingawa pia hapo nina wasiwasi kidogo. Ni rahisi chuo kuchukua maskini mmoja mwenye stori tamu, kumpiga picha, kumzungusha kwenye runinga, halafu kurudi kwa matajiri Jumatatu. Mama McCarty mmoja kwenye bango hawezi kusimama badala ya wakulima elfu kadhaa wa kahawa. Heshima ya wengi inahitaji kazi ya kuchosha: kutafuta rekodi, kuuliza wazee, kuandika majina hata kama ni marefu na yanafanana.

Na kuna upande wa pili ambao vyuo vyetu havitaki hata kuusikia: jina likishawekwa, linaweza kunuka. Kule Chuo Kikuu cha Cape Town, sanamu ya Cecil Rhodes ilikaa miaka mingi ikiangalia mji kama mwenye nyumba, kwa sababu ardhi ya kampasi ilitoka kwenye shamba alilowaachia wananchi wa huko. Yaani mtu alinyakua nchi za watu, akatoa kipande kimoja, akawa mfadhili. Machi 2015 mwanafunzi mmoja akaimwagia kinyesi. Sikubaliani na harufu lakini naelewa hoja. Tarehe 9 Aprili mwaka huohuo kreni ikaing'oa, wanafunzi wakishangilia. Na kule Boston, Chuo cha Tufts mwaka 2019 kiliondoa jina la familia ya Sackler kwenye majengo yake ya udaktari. Hao ndio waliokuwa wenye kampuni ya Purdue iliyouza OxyContin, dawa ya maumivu iliyoingiza Wamarekani wengi sana kwenye uraibu. Wanafunzi walisema hawawezi kujifunza kutibu watu ndani ya jengo lenye jina hilo. Familia ikalalamika kupitia wakili. Oxford nao wakaliondoa mwaka 2023.

Sasa jiulize hapa kwetu. Kuna chuo kilichowahi kuuliza hadharani pesa ya mfadhili ilitoka wapi kabla ya kumvisha joho? Kila mwaka kuna mtu anaitwa Daktari kuanzia Ijumaa ile, na Jumamosi tayari msaidizi wake anakukosoa ukimwita bila hiyo Daktari. Sisi tuliouliza maswali kuhusu Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, hatuwezi kushindwa na kibao cha marumaru.

Kuna rafiki yangu, yeye bado yuko chuo, anasoma uhasibu, nilimsomea hii nikiwa nusu. Akaniambia, "Buda, ukiondoa majina matajiri hawatatoa. Watu wanapenda kuonekana. Acha waonekane, sisi tupate madarasa." Ana pointi. Kujisifu kumejenga vyumba vingi ambavyo wema pekee haungevijenga. Kuna watu kama Chuck Feeney, yule wa maduka ya uwanja wa ndege, aliyetoa zaidi ya dola bilioni 8 na kukataa jina lake kuwekwa popote. Cornell alikosoma walipata karibu bilioni moja kutoka kwake, na kumshukuru ikawa shida mpaka mwaka 2021 wakaipa barabara moja ya kampasi jina lake. Alikufa 2023 akiwa na miaka 92. Lakini akina Feeney ni wachache na siwezi kupanga bajeti ya nchi nikiwasubiri.

Kwa hiyo sisemi majina yaondoke. Tajiri akitaka jina, apewe, lakini liwe na masharti yanayosomeka na kila mtu: ametoa ngapi, ametaka nini, na jina litakaa miaka mingapi. Miaka 25 inatosha, ni zaidi ya umri wangu. Na kwenye kila cheki ya kadibodi, kipande kikatwe kiende kwa salio za wanafunzi walio foleni ya mlango wa fedha siku hiyohiyo. Nimepiga hesabu yangu: kwa milioni 10, asilimia 5 tu ni 500,000. Hiyo ni watu 13 kama mimi wanaingia kwenye mtihani, na chenji inabaki. Mfadhili akikataa hiyo asilimia 5, basi tujue alikuja kununua ukuta.

Na vyuo vilivyozaliwa na harambee vina deni lao tofauti. Rekodi hazijapotea zote. Vyama vya ushirika vilikuwa na vitabu, machifu walikuwa na orodha, watu walipewa risiti. Kuna wazee Nyeri na Kakamega ambao bado wanakumbuka walikatwa shilingi ngapi, na hawatakuwa hapa miaka 10 ijayo. Chuo chenye idara ya historia na wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti kinakosa nini? Ukuta wa majina hauhitaji marumaru, hata rangi ya kawaida na mtu mwenye mwandiko mzuri inatosha. Na nipende zaidi wafanye kama mama: wajue wajukuu wa hao watu ni nani, na mmoja wao akifika langoni na barua na hana pesa ya kuingia, mtu afungue kitabu aangalie.

Mimi nimeanza bila kuwasubiri. Kama nyumbani kwenu kuna risiti ya harambee ya chuo, ya miaka ya 70 au hata ya juzi, ile karatasi ndogo iliyokunjwa kwenye Biblia au kwenye bati la sukari, ipige picha unitumie inboksi. Uliza babu kwanza kama anakubali jina lake lionekane. Nataka kujua alitoa ngapi, alikuwa anafanya kazi gani, na alikuwa anamtolea nani. Nyeri naenda mwisho wa mwezi, nina kamera na nauli ya kwenda. Ya kurudi tutaona.